Jicho la Kulia la Fundi Nyoosha

Shemeji yangu si mtu wa kusifiwa mbele yake. Ukimsifu anakutazama kana kwamba umemwibia kitu, halafu anageuka kutafuta msasa. Kwa hiyo haya ninayasema akiwa hayupo. Amekwenda na jirani yetu kwa muuza mbao, na akirudi nitanyamaza.

Ni kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, fundi seremala, na mtaa mzima unamwita Nyoosha. Hakuna neno linalomtoka mara nyingi kama hilo. Mlango, meza, kitanda, hata foleni ya watu wanaosubiri maji, akiona pamepinda atasema nyoosha hapo. Mimi ni fundi wa makochi. Yeye anaunda fremu, mimi naweka springi, sponji na kitambaa. Tunafanya kazi chini ya paa moja la mabati tangu mume wangu alipofariki. Msiba ulipokwisha na watu kutawanyika, Nyoosha alikuja kwangu akasimama mlangoni, akasema cherehani ya mdogo wake ipo karakana na inashika kutu. Hakusema pole, hakusema karibu. Alisema inashika kutu. Nikaenda kesho yake, na sijatoka mpaka leo.

Watu wakatuozesha midomoni mwao, kama mnavyowajua watu. Yeye mke wake alishatangulia, mimi mjane, tunashinda pamoja kutwa, basi wakaona wamepata habari. Aliposikia, Nyoosha alicheka mpaka akakaa chini. Akasema afadhali aoe mashine ya kukata mbao, angalau ile ina swichi ya kuzimia. Nami nikamjibu kwamba mashine yenyewe ingemkataa. Ndivyo tunavyoishi. Haupiti mchana bila yeye kunichokoza, nami sina dogo, lakini chakula changu, hata wengine wote wakikikataa, yeye atakila, na nikiumwa ndiye anayekaa nje ya mlango akijifanya anarekebisha bawaba.

Sasa niwaambie habari ya macho yake. La kushoto liliumizwa utotoni na kibanzi. Linaona, ila kwa shida. Atakutambua ukimsogelea, atakwepa shimo njiani, lakini mstari wa penseli juu ya ubao halioni. Useremala wote aliufanya kwa jicho la kulia. Anainua ubao, anausogeza mbele ya jicho hilo, anafumba la kushoto, anatazama ukingo kutoka mwanzo mpaka mwisho. Akisema umenyooka, umenyooka, usihangaike kuleta rula. Ndiyo sababu wateja wanapita karakana nyingine zote kuja kwetu. Jicho lile likiondoka, fundi hayupo. Atabaki mzee mmoja tu anayekaa kwenye benchi.

Siku yenyewe ilianza kama siku nyingine. Alikuwa akikata mbao za kabati, mimi navalisha kochi la mteja mmoja mkorofi. Nikasikia mashine imezimwa kabla ya wakati. Kuangalia, nikamwona amesimama, kiganja juu ya jicho la kulia. Nikamuuliza kuna nini, akasema vumbi.

Vumbi la mbao na macho ya seremala ni marafiki wa siku zote, na maseremala wana tiba yao. Unaosha kwa maji mengi. Likikaidi, unafunga jicho kwa kitambaa safi, lipumzike, machozi yatoe uchafu yenyewe. Nimewaona wakifanya hivyo tangu niingie pale, na mara nyingi inafaa. Akaosha, akajifunga kitambaa kichwani kama askari aliyerudi vitani, akaendelea kupiga msasa kwa kupapasa. Mimi wala sikujali.

Wakati wa chakula nikamuuliza kama bado inauma. Akasema haikuuma hata kidogo tangu mwanzo. Nikaendelea kula. Halafu nikalirudisha tonge sahanini. Vumbi gani hilo lisilouma? Mimi chembe ikiniingia jichoni narukaruka kama kuku aliyemwagiwa maji. Nikamwambia avue kitambaa. Akanung'unika, akavua. Jicho lilikuwa safi, halina wekundu, halina chozi. Nikanyoosha vidole mbele ya uso wake nikamuuliza anaona nini.

"Kijivu," akasema. "Naona kijivu tu."

Akaanza kubisha, eti ngoja mpaka kesho, eti likipumzika litafunguka. Hapo nikampa vidonge vyake vya maneno. Nilimwambia akitaka kubishana atabishana njiani. Jirani yetu fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mnene asiye na haraka na dunia, aliniona nimemshika shemeji mkono akaelewa bila kuuliza. Akaliacha geti la watu nusu, akatupeleka hospitali kwa kigari chake cha mizigo.

Kliniki ya macho ilikuwa na benchi refu, ukuta wa rangi ya krimu na ubao wa herufi upande wa mwisho. Kwa jicho la kulia Nyoosha hakuiona hata ile herufi kubwa ya juu. Alihesabu vidole vya nesi vikiwa karibu na pua yake, navyo alikosea. Wakamtia matone ya kupanua mboni, tukaingia kwa daktari.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, sauti yake ya chini, mikono haina papara. Alimchunguza kwa taa, akampima presha, akaipima tena. Kisha akatueleza bila kuzunguka. Nyuma ya jicho kuna pazia jembamba linaloitwa retina, ndilo linalopokea picha. Mshipa mkuu unaolipelekea damu ulikuwa umeziba. Ni kiharusi, akasema, ila kimepiga jicho badala ya ubongo, na ndiyo maana hakiumi. Akauliza kimeanza saa ngapi. Nyoosha akasema asubuhi, halafu akasita, kwa sababu chini ya kitambaa hajui kilichoendelea. Daktari hakumgombeza. Alisema tu kwamba pazia lile halivumilii njaa ya damu kwa muda mrefu, na kwamba hana dawa ya kuahidi kuzibua. Alilikandakanda jicho, akampa dawa, akasema atalazwa. Watauangalia moyo na mishipa ya shingo, maana kilichoziba hapa leo kinaweza kuziba ubongoni kesho. Presha ilikuwa juu sana. Mzee mwenyewe alikuwa hajui kwamba anayo.

Halafu tukaenda chumba cha picha. Alikalishwa mbele ya mashine, kidevu juu ya kishikio, paji la uso kwenye mkanda, akaambiwa atazame alama ya kijani na asipepese. Kutulia anakujua. Hakutikisika. Waliohangaika ni mimi na jirani wa vyuma, tumesimama mlangoni kama wezi waliokamatwa.

Daktari akatuita mbele ya kompyuta. Alisema picha zile hazionyeshi ugonjwa tu. Zina dalili zinazomsaidia kukisia jicho litaona nini baadaye, miezi ijayo. Si hakika, akasema, ni kukisia, lakini kwa msingi. Akafungua kwanza picha ya matabaka, nyeusi na nyeupe, retina ikionekana kwa ubavu, kama unavyoona unene wa ubao uliokatwa. Akaonyesha matabaka ya ndani, ya juu kwenye picha. Yalikuwa yamevimba, yameng'aa weupe, na ile mistari inayotenganisha moja na jingine imepotea.

Nyoosha akasogeza jicho la kushoto mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Imekunywa maji," akasema.

Daktari hakuelewa. Ikabidi nimfafanulie kwamba anazungumzia plaiwudi. Plaiwudi ni matabaka membamba ya mbao yaliyogandishwa kwa gundi. Ikinyeshewa, matabaka yanavimba, na ule mstari wa kati ya hili na lile unapotea, ukitazama kwa ubavu huoni tena kipi ni kipi. Uso wa daktari ukachangamka. Nadhani wagonjwa wengi hukaa wakimtazama tu, na huyu ameelewa mara moja.

"Naam, ni mfano mzuri kabisa," akasema. "Yamevimba hivyo hivyo."

"Na yakikauka?"

"Yatakonda. Na yakishakonda hayarudi."

Nyoosha akashukuru. Akasimama, akavuta shati lake likakaa sawa, akatoka. Daktari alikuwa bado na mkono juu ya kompyuta, anasema kuna kitu kingine katikati anataka tukione, lakini mzee ameshafika mlangoni na mimi niko nyuma yake.

Mtu asiyejua mbao atauliza kwa nini hatukusubiri. Nitawaambia. Plaiwudi ikinywa maji kona moja tu, karatasi nzima inatupwa. Gundi imeshaachia kwa ndani, ukiikata hapa itafumuka pale, na kabati litakuaibisha mbele ya mwenye nyumba. Hakuna fundi anayeuliza habari za katikati. Anatazama ubavu, anasema imekunywa maji, anaitoa nje. Tunafanya hivyo siku zote, yeye na mimi. Daktari wa watu aliukubali mfano wetu bila kujua sheria inayokwenda nao, na sisi tukadhani ameshahukumu.

Alilazwa. Moyo wakausikiliza, shingo wakaipiga picha, dawa za presha na za kulainisha damu akaanzishiwa. Daktari alipita wodini asubuhi akajaribu kumweleza tena. Nyoosha alivuta shuka mpaka kidevuni akasema ameshaelewa, asante, asijisumbue. Mimi nilikuwa nyumbani namtafutia nguo safi. Hilo nililijua baadaye.

Aliporudi, alikuwa mtu mwingine. Kitambaa alikifunga tena, safari hii si kwa ajili ya vumbi. Alisema ukungu wa jicho lile unamharibia hata kile kidogo anachokiona kwa jingine, bora alifunike. Alikaa kwenye benchi karibu na maranda, mikono juu ya magoti. Dawa alimeza, kwa sababu nilisimama mbele yake na glasi ya maji mpaka ameze, na akimaliza nilimwambia afumbue kinywa kama mtoto. Lakini hakugusa ubao. Hakunichokoza. Nilimtania mara mbili tatu kuhusu kile kitambaa, akatabasamu kwa adabu, na ile adabu ndiyo iliyonitisha kuliko yote. Nyoosha hana adabu na mimi.

Kisha akaanza kugawa vifaa. Patasi zake, zile alizozinoa mpaka zimefupika, akampa seremala wa mtaa wa pili. Misumeno ya mkono akampa fundi wa milango. Na randa, ile randa ya mbao ngumu ambayo mpini wake umechukua umbo la kiganja chake, akampa jirani wa kuchomelea vyuma. Mtu wa vyuma afanye nini na randa? Aliipokea kwa mikono miwili, akaenda kuining'iniza ukutani kati ya nondo. Mimi nilikaa kwenye cherehani nikashona mstari uliopinda kuliko yote niliyowahi kushona. Nilikuwa na hasira na kila mtu, na yeye kuliko wote, na chini ya hasira nilikuwa nalia.

Siku ya kurudi kliniki ikafika, akakataa kwenda. Nilibembeleza, nikagomba, nikanuna. Hakuna. Kesho yake simu ikaita, nikapokea mimi, kwa kuwa namba iliyoandikwa hospitali ni yangu. Alikuwa daktari mwenyewe. Aliuliza kama mzee yu hai. Nikamwambia yu hai, ila ameshakata tamaa, na sioni anachokifuata huko ikiwa jicho limekufa.

Akauliza nani aliyesema limekufa. Nikamwambia ni yeye, kwenye ile picha. Akasema alitaka kuona sehemu ya katikati imeendeleaje. Nikauliza katikati ipi. Ndipo tukaanza kuelewana, taratibu, kama watu wanaofungua fundo. Nilimweleza habari ya plaiwudi na kwamba karatasi iliyonywa maji hutupwa nzima. Nilimsikia akivuta pumzi.

"Mama," akaniambia, "kuna kimshipa kidogo cha pembeni ambacho hakikuziba. Watu wengi hawana. Yeye anacho, na kinanywesha kipande cha katikati. Kwenye picha ya kwanza mistari ya pale ilikuwa bado imesimama. Mlete."

Nilikata simu nikakaa chini palepale penye sponji. Halafu nikaenda kwa Nyoosha, aliyekuwa amekaa palepale pake. Nikamweleza yote, kimshipa, katikati, mistari. Alisikiliza akitazama miguu yake. Nikamwambia basi avue kitambaa tujaribu hapahapa. Mkono ukapanda hadi kwenye fundo, ukashuka.

"Shemeji," akasema, "sitaki kuambiwa mara ya pili."

"Hata mara ya kwanza hukuambiwa. Uliondoka."

Ningeweza kupandisha sauti, na kwa kawaida ningepandisha. Lakini hasira ilikuwa imenikauka. Nilimwambia ninaogopa. Nilimwambia mdogo wake alipoondoka yeye ndiye aliyenitoa ndani, na sasa ninamwona anaondoka akiwa amekaa mbele yangu, na siwezi tena, sina nguvu za kuzika mtu angali hai. Katika miaka yote sikuwahi kumwambia mtu yule kwamba ninaogopa kitu. Akaniinulia uso na lile jicho lake bovu. Akasema nimletee viatu.

Daktari alitupokea kama aliyekuwa akitusubiri. Yeye ndiye aliyefungua kitambaa, kwa mkono wake, akampeleka moja kwa moja kwenye mashine. Hakumuuliza anaona nini, na Nyoosha hakusema. Kidevu juu ya kishikio, paji kwenye mkanda, alama ya kijani. Kisha akatukalisha mbele ya kompyuta, na kabla hajafungua picha akamwomba mzee, kwa heshima, asisimame mpaka amalize. Mimi nikashika upindo wa shati lake kabisa, asije akaniponyoka tena.

Alianza na pembeni. Matabaka ya ndani yaliyokuwa yamevimba sasa yalikuwa yamekonda, membamba kama karatasi. Hayo hayatarudi, akasema, na hakuyapaka sukari. Nyoosha akatikisa kichwa, hayo alishayajua. Kisha akasogeza picha katikati. Pale matabaka yalikuwa na unene wake, na mistari ilisimama, mmoja mmoja, unaweza kuifuata kwa kidole. Akafungua na ile picha ya rangi ya siku ya kwanza, ambayo hatukuisubiri. Retina yote ilikuwa imepauka, isipokuwa ulimi mmoja mwekundu uliotoka kwenye mzizi wa jicho na kufika mpaka katikati kabisa, mahali pa kuonea vitu vidogo. Akaonyesha kimshipa chenyewe, chembamba kama uzi wa kushonea. Kina njia yake peke yake, akasema. Mkubwa ulipoziba, hiki kiliendelea na kazi, ila siku za mwanzo uvimbe wa pembeni ulilizuia jicho kuona. Tangu siku ya kwanza alitazamia kwamba sehemu hiyo ingepona, na sasa picha inasema imepona.

"Kwa hiyo si plaiwudi," Nyoosha akasema.

"Si plaiwudi, baba. Pembeni pameharibika. Katikati pamebaki."

Akamsimamisha mbele ya ubao wa herufi. Jicho la kushoto likafunikwa. Nikaanza kuomba moyoni. Kisha akataja ile herufi kubwa. Akashuka mstari wa pili. Alisoma polepole, anasogeza kichwa kidogo huku na huku, kama anayechungulia kwa tundu la ufunguo, maana herufi moja ikionekana jirani yake inapotea. Akashuka, akashuka, sauti yake inakwaruza, mpaka akafika kwenye herufi ambazo mimi mwenye macho mawili mazima nazikunjia uso. Hapo akakwama. Nesi akasema inatosha. Mimi nilikuwa nimejifunika uso na kanga ya mabegani, nalia bila haya. Nyoosha akageuka akanitafuta kwa kile kitundu chake mpaka akanipata. Akamwambia daktari asinijali, mimi nilikuwa hivi hata kabla ya ugonjwa.

Basi nikajua amerudi.

Lakini daktari alikuwa hajamaliza. Alimkalisha, akachukua kalamu, akaitembeza polepole kutoka nyuma ya sikio la kulia kuja mbele, akamwambia aseme akiiona. Kalamu ikapita sikio, ikapita shavu. Mimi naiona, nesi anaiona. Nyoosha alisema ameiona ilipokuwa karibu kabisa kufika mbele ya pua. Daktari akarudia, ikawa vilevile. Kinachotoka kulia, akasema, atakiona kikishafika. Akamuuliza kazi yake anaifanya kwa vifaa gani. Nyoosha akataja, mwisho akataja mashine.

"Mashine basi, baba," daktari akasema. "Randa, patasi, sawa, kwa utaratibu. Msumeno wa umeme basi."

Tukarudi kwa kigari kilekile. Jirani wa vyuma aliendesha, mimi katikati, Nyoosha dirishani. Tulipofika, jirani akaingia kwake, akatoka na ile randa. Alikuwa ameifuta vumbi na kuipaka mafuta. Akamkabidhi, akasema alikuwa anamtunzia tu. Nyoosha akaipokea. Kesho yake na wale wengine wakarudisha vyao, mmoja mmoja, kila mtu na uongo wake wa heshima. Mmoja alisema patasi hazikati. Patasi za Nyoosha hazikati, sikieni hayo.

Siku aliyoanza tena, aliinua ubao akauweka mbele ya jicho la kulia. Alichukua muda mrefu kuliko zamani. Akaushusha, akaweka alama ya penseli, akapiga randa. Maranda yakatoka yamejikunja, mepesi, hayakukatika. Kisha akaenda kwenye mashine. Alisimama mbele yake kwa muda, kiganja juu ya meza yake ya chuma. Ameifanyia kazi umri wake wote wa utu uzima. Akachomoa plagi, akachukua koleo, akakata waya karibu kabisa na mashine ili usiungike kirahisi. Akaifunika turubai. Mimi nilijifanya natafuta uzi. Tangu hapo mbao zinakatwa kwa muuza mbao, sisi tunapeleka vipimo.

Mngedhani yameisha. Hayakuisha, kwa sababu dunia haiji kwa mtu kutoka mbele tu. Alijigonga kwenye kona ya kabati lake mwenyewe. Aliangusha kopo la gundi. Siku moja mteja aliingia kutoka kulia, akamgusa bega bila kubisha hodi. Nyoosha akashtuka, patasi ikateleza, ikamkata kidole cha shahada. Si sana, lakini damu ilitiririka juu ya mlango mpya. Mteja akaomba radhi mpaka akaishiwa maneno. Nyoosha akamwambia si neno, ni yeye ndiye aliyezubaa. Nilimfunga kidole, naye hakunitazama. Nilijua anafikiria nini. Anafikiria benchi lile karibu na maranda.

Asubuhi iliyofuata niliwahi, nikamwita jirani wa vyuma. Miaka yote cherehani yangu ilikaa kushoto kwa Nyoosha, karibu na mlango, kwenye mwanga mzuri. Tukaibeba yeye na mimi, yeye akihema na kulaumu uzito, tukaiweka upande wa kulia, kati ya benchi la Nyoosha na njia ya kuingilia. Meza yangu ya kukatia vitambaa ikafuata, na marobota ya sponji. Sasa atakayetoka upande ule, awe mteja, mbuzi au mtoto na mpira, atakutana na mimi kwanza.

Nyoosha alifika akasimama. Akatazama mahali palipokuwa na cherehani, pamebaki na alama za miguu yake ya chuma sakafuni. Akageuza kichwa polepole mpaka akanikuta nilipo. Akasema pale pana giza, nitashona makochi ya ajabu. Nikamwambia nitatundika taa. Akasema nitamjazia manyoya ya sponji kwenye gundi. Nikamwambia atazoea. Akachukua randa, akaiweka, akaichukua tena.

"Lakini shemeji," akasema, "ukikaa hapo mimi sikuoni."

"Najua," nikamwambia. "Mimi nakuona."